Nguzo ya Kwanza Alishika Hesbon

Ijumaa, 3 Oktoba 2008

Daftari langu, nisamehe. Tangu Pasaka sijakugusa. Ni uchovu tu — wageni wa Idi wamejaa hotelini, vyumba vya kusafisha haviishi, nikifika hapa bwenini Karama, huku ughaibuni, napanda kitanda cha juu na sare mwilini.

Lakini leo nina furaha! Chumba kimepigwa bati. Chumba changu na Precious wangu, ubavuni mwa nyumba ya Mama, kisiwani Mfangano. Dirisha linatazama ziwa. Kaka Hesbon kapiga simu mwenyewe — eti huku tunakula maisha, dadangu, asubuhi tunaogelea, jioni samaki ngege wa kukaanga, fundi akipumzika tunacheza bao. Nikamwambia kuleni, lakini fundi asilale. Akacheka sana.

Auleria wa kitanda cha chini, Mtanzania wa Bukoba, akauliza kwa nini nisijenge kwa jina langu. Nikamweleza: kwetu binti hajengi bomani kwa babake. Ni mkosi. Anayeshika nguzo ya kwanza ikisimikwa ndiye mwenye nyumba, na lazima awe wa kiume. Kwa hivyo nilimwomba Hesbon anishikie. Mila tu.

Auleria akaguna. "Hee! Kushikiwa huko, mwenzangu, una uhakika kunaachiliwa?"

Mchawi huyo.

Jumapili, 12 Oktoba

Isaiah, askari wa geti letu, anaenda likizo kwao Mbita. Atavuka hadi kwetu. Nimempa kitasa kutoka soko la Al Ras, mapazia ya kijani, neti. Ufunguo mmoja nimebaki nao shingoni. Madam, msimamizi wetu hotelini, kauliza ni wa nini. Wa nyumbani, nikasema.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimeongea na Precious. Nikamuuliza, unalala vizuri chumbani kwetu?

"Hapana, Mama. Mimi nalala chini kwa Nyanya. Kuku wananiamsha. Chumbani kuna Auntie wa Mjomba."

Auntie gani?

"Yule wa mapazia."

Mama akachukua simu. Kisha akasema Hesbon ameoa. Kwamba ameshalala humo na mkewe, na chumba kikishalaliwa hivyo hakirudi. Kwamba — "si yeye alishika nguzo? Na ni wewe ulimwomba, mwanangu."

Tangu lini, Mama? Tangu bati lipigwe. Siku ile ananiambia wanakula maisha, bibi alikuwa ashafika! Na Mama alijua. Mama alipokea mapazia yangu kwa mikono miwili, akampa mwingine ayatundike.

Nikampigia Hesbon. Eti nisikasirike, nyumba ni ya familia. Eti nikija likizo watanitandikia sebuleni.

Kama mgeni.

Jumamosi, 1 Novemba

Yalla, yalla, haraka haraka, kutwa nzima. Nimetandika vitanda vya watu nisiowajua, na mwanangu analala na kuku.

Auleria hakusema nilikuambia. Ameniwekea chai tu.

Jumapili, 2 Novemba

Khalas. Machozi yameisha. Chumba siwezi kukidai, mila nilijifunga nayo mwenyewe. Lakini mtoto si nguzo, hashikwi na mwingine.

Shangazi Carolyne wa Mbita amekubali kukaa na Precious, ana wasichana wawili na kitanda kikubwa. Isaiah atavuka Jumatano kumchukua, kabla ya kurudi huku. Nimemwambia Mama. Akasema, "Utaniachia nyumba ya kimya?" Nakupenda, Mama. Sijui kama atamwachilia. Hakusema ndiyo, amekata simu.

Nitapiga tena kesho. Nisome hapa nisitetemeke. Nataka viingie botini:

Kitasa changu, wakifungue na bisibisi, wasivunje mlango. Funguo zake zote.

Mapazia. Neti, hata kama imechanika.

Kadi ya kliniki ya Precious.

Sweta nyekundu, asubuhi ziwani ni baridi. Kikombe chake cha bluu, hanywi chai kwa kingine.

Na Precious. Isaiah amshike mkono wakati wa kushuka, maji ya pale yanafika magotini —