Fundi na Suruali ya Dukani

Mwenzangu, acha hayo unayofanya usome hii.

Unazijua zile video za wauza suruali, wanachuchumaa hadi chini kuonyesha mshono haufumuki? Mdogo wangu, fundi cherehani, kaziiga leo, tena mubashara. Wateja wamemkaukia, bila wapya anafunga duka.

Kaegesha simu, kawapa watazamaji mgongo. "Ndugu zangu, mshono wangu hauna mpinzani." Akachuchumaa.

Ikapasuka. Nakwambia ikapasuka praaa, kiunoni mpaka pajani, watu wanatazama!

Mkewe huko ndani: "Baba Pacha, si nilikwambia vaa uliyoshona mwenyewe?"

Kumbe kavaa ya dukani. Maisha yote anashonea watu, yeye ananunua. Fundi gani huyo?

Basi akaigeukia simu, mkono nyuma: "Mmeziona za dukani? Sasa ngojeni." Kajifunga shuka, kaishona palepale, kaivaa, kachuchumaa tena. Kimya. Ikashika.

Sasa hivi jirani kaingia na furushi la suruali za mumewe. Kalitua mezani, kasema, "Shona hizi zote, fundi. Ila kuzijaribu, mwachie mwenyewe."