Kipimo cha Mguu wa Mama

Mama yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum, na shikamoo. Nimeitanguliza shikamoo kwa sababu namjua msomaji wako. Rahma, mdogo wangu, usiruke salamu ukakimbilia habari. Msomee Mama salamu yake yote, kisha ungoje akuitikie ndiyo uendelee.

U hali gani, Mama? Goti linasemaje? Bado unalikanda kwa mafuta ya simsim, au mmeshakosana? Na hapo Ghubra joto la Maskati limeanza kuuma, au jioni bado mnaweza kukaa uani na kahawa yenu? Sisi huku ni wazima, alhamdulillah. Khalfan mzima. Mwanetu Salha mzima, ameota meno ya mbele, makubwa kuliko mdomo wenyewe, na anacheka ovyo ili yaonekane. Mimi pia mzima, isipokuwa vidole vya miguu, ambavyo tangu tufike Ufaransa sijavihisi sawasawa.

Najua utauliza kwa nini barua na simu zipo. Mama, kwenye simu wewe husemi. Nikipiga unaniambia, "Wazima? Alhamdulillah. Haya, huyu hapa Rahma." Basi naongea na Rahma habari za bei ya samaki, na wewe nakusikia kwa mbali unavyogonga sufuria. Barua huwezi kumpa Rahma. Ataisoma yeye lakini ni yako, na itabidi ukae uisikilize.

Tusifichane. Siku tuliyoondoka, wote walitoka mpaka mlangoni. Shangazi alileta chetezo akatufukiza ubani hadi tukakohoa, na Mjomba Suleiman akatupitisha chini ya msahafu. Wewe ulibaki jikoni. Nilikuja kukushika mkono, ukaniambia bila kugeuka, "Mie nilihamishwa, Zuwena. Nilibebwa na miaka yangu kumi, hakuna aloniuliza. Wewe unahama kwa miguu yako mwenyewe. Haya, nendeni, ndege haingoji mtu." Dua hukunisomea. Tangu nilipokuwa mtoto, hata nikienda kufanya mtihani wa hesabu, ulikuwa ukinisomea na kunipulizia utosini. Safari hii nimekuja na utosi mkavu, na mpaka leo naona kama hiyo safari yenyewe haijaanza, kwa sababu hukuifungua wewe.

Sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limenitokea kwenye pwani ya huku, na nafikiri ni lako kuliko langu.

Kwanza nikueleze tunavyoishi, maana najua unatuona tumekaa kwenye barafu tukila mikate mikavu. Mji wetu ni mdogo, mtaa mmoja umeteremka mpaka baharini, nao ndio mji wote. Kuna duka la mkate, duka la dawa, kanisa, na karakana ya injini za boti anakofanya kazi Khalfan. Unakumbuka alivyokuwa akirudi kwetu Bawshar kutoka gereji ya Wattaya, foleni imemkausha, hataki kusema na mtu mpaka ale? Sasa anakwenda kazini kwa miguu na mchana anarudi kula na sisi. Ameanza hata kupiga mluzi. Mimi mluzi wake siupendi, lakini namwacha, kwa sababu muda mrefu nilikuwa sijamsikia akifurahi.

Ukimya wa huku, Mama, una uzito wake. Saa sita mchana maduka yanafungwa na watu wanapotea kama wameambiwa wajifiche. Adhana hakuna, tunaisikia kwenye simu ya Khalfan, na mara ya kwanza ilipolia nikalia nayo. Na mvua! Wiki tuliyofika ilinyesha asubuhi, nikampakia Salha garini mbiombio, kama tufanyavyo kwetu, twende tukaiangalie mvua na maji yanavyoshuka wadini, kwenye mabonde makavu. Tukazunguka, tukaangalia, hakuna mwengine aliyetoka nyumbani kufurahi. Tukarudi tumeridhika. Kesho yake ikanyesha tena, na keshokutwa, na wiki iliyofuata. Khalfan akaniuliza, "Leo huendi kuangalia mvua?" Nikamwambia leo ije yenyewe iniangalie mimi.

Jirani yetu ni bibi wa makamo yako, anaitwa Ivoni. Mumewe amekufa, watoto wako Paris, na mikono yake ina nguvu kuliko ya Khalfan. Siku ya kwanza alipoingia kwetu nilikuwa nimefukiza ubani. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akasema nyumba yetu inanukia kanisa. Khalfan alipaliwa na chai. Usinune, Mama, alikusudia kutusifu. Mimi namwita Bi Ivoni, naye ameitikia bila kuuliza maana yake. Ananisemesha Kifaransa polepole, kama anayemlisha mtoto uji, na nisipofahamu anaongeza sauti, kisha anaongeza mikono.

Sasa sikiliza hili.

Maji ya hapa yanapwa na kujaa kila siku, na hilo tulishalizoea. Lakini juma lililopita nilifungua dirisha la jikoni asubuhi, na bahari haikuwepo. Sisemi ilikuwa imetoka kidogo. Haikuwepo! Palikuwa na mchanga, matope, mawe meusi, boti zimelala ubavu, na mwisho kabisa mstari mwembamba unang'aa. Mimi mtoto wa Maskati, ambaye bahari yake hata ikitoka haiendi mbali, nikajua moja tu: bahari imejivuta, inarudi na wimbi la kutuzoa. Nikamwamsha Khalfan kwa mayowe. Nikamvalisha Salha koti juu ya nguo za kulalia. Kisha nikakumbuka kuna mwanamke mzima peke yake nyumba ya pili, nikakimbia bila viatu kwenda kumwokoa.

Nikagonga mlango kama polisi. Bi Ivoni akafungua. Amevaa buti za mpira mpaka magotini, mkono mmoja ndoo, mkono wa pili fimbo yenye ndoana. Nyuma yangu, mtaa mzima nao unateremka: wazee, vijana, mwenye duka la mkate na mkewe, kila mtu na ndoo yake, wanacheka. Akanitazama miguu, akanitazama uso, akaingia ndani na kunitolea buti za bintiye. Khalfan alikuwa amesimama barabarani, mtoto begani na pasipoti zetu mkononi. Mpaka leo mwenye duka la mkate akimwona anamuuliza kama anasafiri.

Basi nikateremka nao. Na hapo ndipo nilipokuona, Mama.

Unakumbuka hadithi yako moja? Habari za kwenu Chwaka hukupenda kutusimulia. Tukikuuliza Unguja kulikuwaje, ulikuwa ukisema, "Kulikuwa kama kulivyokuwa," na kugeukia sufuria zako. Lakini hii moja ulitupa. Ulisema kwenu kwenye bamvua bahari huondoka yote, na wanawake hushuka na vikapu vya ukindu wakaokota chaza na makombe na kuchokoa pweza, wakaenda mpaka wanaonekana wadogo kama nukta, na wewe ulikuwa ukimfuata bibi yako umeshika ncha ya kanga yake. Mimi na Rahma tulikuwa tukikaa ufukweni Ghubra, tunaangalia maji yalivyokaa pale pale, tunaambizana kwamba Mama naye kwa chumvi hajambo.

Mama, hukutia chumvi hata chembe. Niliwaona. Wanawake wameinama mbali kabisa, wadogo kama nukta, na sauti zao zinafika kwangu kama wako karibu. Kuna mtoto wa kike alikuwa ameshika ncha ya koti la bibi yake. Nikasimama nikamtazama mpaka bibi mwenyewe akanitazama vibaya.

Nami nikaanza kuokota. Bi Ivoni alinionyesha: jiwe unalibinua, chini yake kuna kaa, kuna kombe, kuna vidudu vyekundu vinavyokimbia. Nikabinua la kwanza, nikapata makombe mawili mazuri, nikafurahi, nikaenda la pili, la tatu. Mara nasikia mtu anapiga kelele. Bi Ivoni anakuja mbio ndani ya matope, amekasirika kweli kweli. Akanishika kiwiko, akanirudisha mpaka kwenye jiwe la kwanza. Lilikuwa limelala chali, tumbo lake limeanza kukauka juani, na vile vidudu vinahangaika. Akaniambia polepole, ili nisikose hata neno:

"Hilo ni paa la nyumba ya watu. Ungeezua paa la jirani ukaenda zako?"

Na mimi, Mama, bila kufikiri, nikamjibu kwa Kiswahili: "Ulichofunua kifunike."

Nikasikia sauti yako ikitoka kinywani mwangu. Hilo ndilo neno lililotulea. Tukiacha sufuria wazi: ulichofunua kifunike. Tukifungua kabati: ulichofunua kifunike. Rahma akija na habari za mume wa mtu: "Ushafunua? Basi funika." Miaka yote nilidhani ni neno la jikoni, la mama anayeogopa nzi. Kumbe lilitoka pale, kwenye matope ya Chwaka. Kumbe kuna siku na wewe ulibinua jiwe ukaenda zako kwa furaha, na bibi yako akakushika kiwiko akakurudisha. Ulipobebwa ukaletwa Maskati hukuambiwa uchague cha kuchukua, lakini hilo ulikuja nalo, ukatulea nalo kwenye nyumba yenye vigae na kiyoyozi, mahali ambapo hakuna jiwe la kubinua.

Nililia, Mama. Nililia kama mtoto, makamasi na yote, na buti zinazama. Bi Ivoni alidhani amenigombeza kupita kiasi, akanipa leso yake, inanuka kitunguu. Nikamwambia kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, "Mama yangu. Hili ni neno la mama yangu." Akauliza kama nawe unavua. Nikasema ulipokuwa mdogo. Akauliza wapi. Nikasema mbali, kwao. Akaokota ndoo yake, akasema, "Basi mlete. Bamvua kubwa nyingine iko mbele." Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha.

Kwangu hayajaisha. Nakuomba uje, Mama.

Najua jawabu lako. Rahma alipotaka kukupeleka Unguja ulimwambia kiti chako kiko Ghubra na hutaki kukisumbua. Sikuambii urudi Chwaka. Hilo ni jiwe lako, ulilifunika mwenyewe kwa sababu zako, na sina ruhusa ya kulibinua. Nakuambia uje huku, ambako hukuzaliwa wala hukuondolewa, na hakuna mtu atakayekutazama usoni kutafuta machozi. Bahari inatoka vile vile. Hutahama, utatembea tu. Ukichoka na baridi utarudi kwenye kiti chako, na mimi mwenyewe nitakurudisha. Lakini kwanza nataka nikushike mkono tushuke pamoja, na wewe unionyeshe, maana mimi bado nabinua mawe vibaya. Na ukishafika, dua yangu unisomee hapo hapo kwenye matope. Nakupenda, Mama. Nimekuja mbali na wewe, na huku ndiko nilikokujua.

Sasa jambo lenyewe. Matope ya hapa yanakamata. Buti ikiwa kubwa hubaki chini na wewe ukatoka na soksi, yalishampata Khalfan. Bi Ivoni anazo buti chungu nzima kwenye kibanda chake na ananiuliza kila asubuhi mguu wa mama yako ni wa kiasi gani, nami sijui. Miaka arubaini mwanao, na mguu wako siujui. Usiniandikie ndiyo wala hapana, nakujua hutaandika. Nitumie kipimo tu. Rahma achukue uzi, apime kutoka kisigino hadi kidole gumba, aukate, autie kwenye bahasha. Nikiupata nitajua.

Nisalimie Shangazi, na umwambie ubani wake umetufukiza mpaka huku. Mjomba Suleiman mwambie Khalfan anamwombea afya, na kahawa ya Wafaransa ni chungu bila sababu. Dada Wanjiru, anayekaa na wewe mchana, mwambie nashukuru anavyokuangalia, na asikubali ukimwambia umeshakunywa dawa. Jirani wa mlango wa kijani, aliyekuja na sambusa siku ya safari, naye nisalimie. Salha anakubusu mkono, juu na chini, kama ulivyomfunza.

Mungu akuweke, Mama, na sisi atukutanishe tukiwa wazima.

Ni mimi mwanao,
Zuwena

Rahma, hili ni lako, lakini lisome kwa sauti naye asikie. Uzi usiwe wa kuvutika. Na akikataa, usije ukampima amelala. Nataka mguu aunyooshe mwenyewe.