Radhi Niliyoomba Bangweni

Moroni, mtaa wa juu ya bandari ya zamani
Alhamisi, 29 Aprili 1999

Mpendwa dada yangu Batoul,

Kwezi, dada, na shikamoo yetu ya Unguja pia, maana mdomo wangu umezizoea zote mbili. Presha imeshuka? Na goti? Nasikia dawa zimeadimika huko Mutsamudu, na kwamba ukuta wa uani kwako una matundu tangu mapigano ya Desemba, wala hajapatikana fundi wa kuyaziba. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila macho yamepungua nguvu. Ukiona herufi zimepinda usidhani naumwa.

Anayekukabidhi barua hii ni Sania wetu. Hakuja kutembea. Ameondoka Moroni, na sijui kama atarudi. Nakuomba umpokee bila kumhoji. Yale utakayotaka kumuuliza yasome hapa, kwa sababu kosa ni langu.

Unakumbuka ulivyomleta kwangu miaka minne iliyopita, baada ya kumzika baba yake, Yazid ndugu yetu. Mwaka huu alikuwa akifundisha watoto wadogo asubuhi na jioni akisomea mtihani wa ualimu wa mwezi Juni. Kilichomsumbua ni insha. Msahihishaji wake alimwandikia pembeni kwa wino mwekundu kwamba anadai mengi na haonyeshi msingi wake. Akaniuliza sisi tuliosoma Unguja tulikiitaje kile kinachowekwa chini ya dai ili lisimame. Nikamwambia: ithibati. Nikamweleza kwamba dai hulisema wewe, na ithibati ndiyo inayobaki kulisema ukishaondoka.

Neno lilimwingia. Akawa nalo kama mtu aliyenunua viatu vipya, anatafuta tu pa kwenda. Muuza ndizi akisifu ndizi zake, Sania anamuuliza, "Una ithibati, mama?" Yule mama akamjibu, "Kula moja, ithibati utaikuta tumboni. Ya pili utalipa." Nilicheka, dada. Nikamtia moyo asikubali maneno ya mtu yeyote mpaka aonyeshwe. Nilisahau kumkumbusha tunaishi wapi.

Wewe hujakaa huku Ngazija, kwa hiyo nikueleze. Hapa mwanamume aliyefanya ndoa kuu, akachinja ng'ombe na kuulisha mji, huitwa mtu mzima. Huyo hukaa kwenye baraza ya mbele bangweni, penye mikutano ya mtaa, na akisema, neno limekwisha. Halichunguzwi. Ng'ombe wake ndio ushahidi wake. Asiyefanya ndoa kuu huhesabiwa kijana hata akiwa na meno mawili. Mimi, miaka thelathini na mitano tangu nitoke Unguja nikaja kutua hapa, na miaka sitini na nane ya umri, hukaa nyuma pamoja na wavulana wanaobishana mpira.

Sasa, kiasi cha wiki tatu zilizopita, mzee Maoulida wa mtaani kwetu alisema bangweni kwamba Sania huwapelekea habari waliojitenga huko Nzwani, kisiwani kwenu. Alisema huenda posta kila Alhamisi kupiga simu Mutsamudu. Hilo la simu ni kweli, na wewe ndiwe uliyekuwa upande wa pili. Alikuwa akipiga dukani kwa Fakri, Fakri akikuita, mkiongea presha na bei ya mchele mpaka sarafu zinakwisha. Mashahidi wa pekee wa binti yule ni wewe na Fakri, nanyi mko ng'ambo ya maji ambako hakuna mtu wa hapa anayetaka kusikia.

Akatumwa Wassim, mpwa wa Maoulida, aje kumwonya. Nilikuwa nimeketi ndani, nikawasikia mlangoni.

"Mzee amesema uache kwenda posta."

"Kwa nini?"

"Amesema unapeleka habari."

"Amesikia habari gani? Kwa ithibati ipi?"

"Binti, nimekwambia amesema Maoulida."

"Hilo nimelisikia, kaka Wassim. Nauliza alichokiona."

Wassim akawageukia wenziwe waliokuwa barabarani, akacheka. "Mnasikia wa Mutsamudu? Anataka mtu mzima alete mashahidi kama mwizi wa mbuzi."

Dada, mimi pale ndani nilijivuna. Nilijisemea, huyo ndiye mtoto wa Yazid. Nilipaswa kutoka na kumwita ndani.

Kufika alasiri, habari ya simu ilikuwa imesahaulika. Lililozungumzwa bangweni ni kwamba msichana wa Nzwani amemvunjia heshima mtu mzima mlangoni, mbele ya vijana. Kwao hilo lilikuwa zito kuliko la kwanza. Wakataka aende kuomba radhi. Sania akasema ataomba radhi siku atakayoonyeshwa alichokosa. Alilisema kwa adabu, anakunja mkeka, wala hakupandisha sauti.

Nikafanya kama marehemu baba alivyotufundisha. Kwetu Mutsamudu mkubwa wa nyumba huomba radhi ili moto uzimike, kisha ukweli hutafutwa polepole na watu waliokwisha kunywa chai pamoja. Radhi kwetu ni maji tu. Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nilisimama bangweni bila kumwambia Sania. Nikasema, "Wazee wangu, msameheni mtoto wetu kwa yote yaliyotokea."

Yote yaliyotokea. Mimi niliyesoma vitabu vyote vile, nikachagua maneno hayo.

Maoulida alinishukuru vizuri sana. Akawageukia watu akasema, "Idarousse ni muungwana. Hakuna muungwana anayeomba radhi kwa jambo ambalo halikuwapo." Wakaitikia. Ilikuwa imekwisha. Wiki mbili walikuwa na dai peke yake, na mimi kwa mdomo wangu nikawapa ithibati.

Jumatatu shuleni walimwambia Sania apumzike kwanza mpaka hali itulie. Siku hiyohiyo, kwa sababu ya yale mapatano ya Antananarivo ya kuviunganisha tena visiwa, ambayo wajumbe wa huko kwenu hawakuyatia saini, vijana waliziba barabara kwa mawe na kuanza kuwauliza watu wanatoka kisiwa gani. Saandia anayetuuzia mboga, mtu wa Vouvouni, mwanamke mwema, alipita mbele ya mlango wetu bila kushusha kapu. Jumanne alirudi kwa mlango wa uani, akaacha mafungu mawili ya majani na hakutaka kungoja salamu. Simlaumu. Naye ana watoto.

Sania alipata habari ya radhi yangu kwa watu wa nje. Alikuja akakaa mbele yangu, akaniuliza swali moja tu: "Baba mkubwa, na wewe uliamini?"

Dada Batoul, hili silifichi, kwa sababu kukuficha wewe ni kumwongezea yeye dhuluma. Sikujibu mara moja. Kabla ya Ijumaa ile nilikuwa nimejiuliza mbona hakosi kwenda Alhamisi hata moja, mbona siku nyingine hurudi amenyamaza. Sikuwa na kitu mkononi. Nilikuwa na hofu, na hofu ilinitosha kama ng'ombe wa Maoulida wanavyowatosha wenzake. Nilipofungua mdomo kusema hapana, alikuwa amekwisha kuuona ule muda niliouchukua. Tangu hapo ananisalimu, ananipikia, ananipangia dawa zangu, lakini hanisemeshi. Jana akanijulisha kwamba leo kuna chombo kinachowachukua watu wa Nzwani, na kwamba ameandikisha jina.

Nina ombi. Kaa na Fakri mwandike ni Alhamisi zipi Sania alipiga na mliongea nini, kadiri mnavyokumbuka. Mtie saini wote wawili, unitumie kwa mtu unayemwamini. Huenda karatasi hiyo isisomwe na mtu. Hata hivyo naitaka iwepo.

Kesho Ijumaa nitasimama tena bangweni, niseme kwamba nilichokiombea radhi hakikutokea, na kwamba niliwapa neno ambalo sikuwa na haki ya kulitoa. Wakinitoa mtaani, Hamidou, rafiki yangu wa Ikoni, amesema ana chumba. Huko kwenu pia wataanza kumtazama kama mtu aliyetumwa na Moroni. Tafadhali mtangulie kwa majirani kabla hawajaanza kusema. Vitabu vyake vya mtihani viko chini ya nguo, usimwache aviuze.

Nisalimie Fakri na watu wote wa dukani, na bi Chamsia, na wanawe Ridhoine na Imane. Waliotutangulia, baba, mama na Yazid, Mungu awape nafasi kaburini, na sisi tuliobaki pande mbili za maji atupe kuonana kabla hatujawafuata.

Barua sikuigundisha. Asubuhi hii nilimsomea Sania kipande kile cha swali lake, mpaka mwisho. Nikamwambia kwamba ndiyo, kwa siku chache niliamini, na sikuwa na ithibati yoyote. Alisikiliza. Kisha akaendelea kukunja nguo zake, na alipomaliza akaniomba nimfungie kamba ya sanduku, kwa sababu mimi ndiye ninayejua kuikaza.

Nimeikaza.

Nduguyo akupendaye siku zote,
Idarousse