DVD Nayo Ina Ukungu

Majengo, Dodoma

Mdogo wangu Mwanaidi,

Salamu zangu zikukute mzima hapo Kondoa, wewe na mumeo. Mguu wako umepoa? Mahindi yameota, au jua limeyala? Mimi mwili wote ni chuma, muulize yeyote hapa Majengo. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu kalamu, na utajua kwa nini. Herufi zikiwa kubwa kama mbuzi usicheke. Isome peke yako.

Kazi yangu unaijua, kuuza na kukodisha picha za video. Zile kanda za zamani zimekufa. Zilianza kuja VCD, sinema moja sahani mbili, mapigano yamepamba moto wewe unainuka kubadilisha. Sasa imekuja DVD. Sahani moja inamaliza yote, na wanasema picha yake unahesabu hata nywele za mtu. Lakini ina maringo, ukiitia kwenye deki ya VCD haisomeki, inatemwa. Deki ya DVD yenyewe inasoma zote mbili. Kwa mambo haya hakuna wa kunishinda Dodoma nzima. Dukani kwangu sahani haitoki mpaka niitie kwenye deki, nitazame, niseme "safi". Nikishasema, mtu anaondoka nayo bila kuitazama.

Basi tangu Idi, VCD zote zinanijia na ukungu. Nikazifuta kwa upindo wa kanzu, wapi. Nikamrudishia mwenye duka la jumla mzigo mzima na maneno juu, "Unaniuzia moshi!" Nikanunua deki ya DVD. Ukungu uleule. Nikafuta sahani, nikafuta na kioo cha televisheni.

Ijumaa baada ya swala, jirani yangu Shabani fundi redio akaleta televisheni yake, tukaziweka mbili mlangoni, moja na deki ya VCD, moja na ya DVD, watu waone tofauti. Bi Zuhura muuza mchele anayo harusi ya binti yake kwa VCD na kwa DVD, tukatia moja huku na moja huku. Shabani akafunika deki zote kwa khanga. Watu wakajaa.

"Haya Mzee Salum," akasema Bi Zuhura, "wewe ndiye jicho letu. DVD ipi?"

Nikakaza macho. Mwanaidi, wallahi niliona nguo nyeupe mbili zinatembea ndani ya vumbi. Nikanyoosha kidole, nikapaza sauti, "Hii! Hata mtoto mdogo anaijua!"

Wakaangua kicheko. Shabani akafunua khanga. "Mzee, hiyo ni VCD! Huoni uso wa bibi harusi ulivyokatika vipande kama vigae?"

"Mwacheni, anatutania huyo," akasema Bi Zuhura.

Nikacheka nao. Nikasema nilikuwa nawapima.

Walipoondoka nikafunika jicho la kushoto kwa kiganja. La kulia halikuona televisheni. Liliona mwanga tu.

Unakumbuka mama alivyoanza? Alisema taa ya chemli ina masizi. "Salum, futa kioo." Nikafuta. "Salum, hujafuta." Mara tatu, mpaka nikanung'unika kwamba ananionea, maana kioo kilikuwa kinang'aa. Sasa Ijumaa ile nilikuwa nimeshika sahani naifuta tena, nikamsikia kabisa. Ikaniponyoka.

Hospitali wapo wanaotibu macho. Nimefika getini mara mbili, nikarudi. Mimi niliyefukuza fisi zizini kwa fimbo, watu wakasimulia mwaka mzima, naogopa kisu cha daktari. Na nikikaa hivi hivi naogopa zaidi. Leo asubuhi mtu kaja na sahani, nimeitia kwenye deki, kauliza, "Safi, mzee?" Nimesema safi. Sijui.

Ni wewe uliyemshika mama mkono mpaka mwisho. Niambie, jicho lake la kwanza lilipozima, la pili lilikaa muda gani? Usinidanganye kwa kunihurumia. Au usijibu, njoo mwenyewe na basi la Jumatano. Watu tutawaambia umekuja kunisalimia, na lile geti tutaingia wote.

Msalimie shemeji, mwambie dume langu la mbuzi lisiuzwe. Msalimie mkweo anayesomesha chuoni, na shangazi yetu mzee, ila yeye asijue neno.

Kaka yako,
Salum

Yote haya nimeyaandika kwa jicho la kushoto.