Kumbukumbu ya Fundi Wetu na Kina Baba wa Jumamosi

Mwaka umezunguka, mwanetu, ukarudi palepale ulipotuacha, na sisi bado hatujajua tukuage vipi. Ulikuwa umepiga magoti mbele ya kochi la mteja, misumari midogo umeibana midomoni kama kawaida yako. Ukaitema, ukamwambia jirani yako muuza vioo kwamba kifua kinakubana kidogo, si jambo la kuitia watu. Hicho kidogo ndicho kilichokuchukua.

Ulikuwa fundi wa makochi, na kazi yako uliifanya kwa huruma. Uliletewa viti vilivyobonyea katikati, vimetoka sponji kama watu waliotoka ugonjwani, nawe ulivikalia kwanza, ukanyanyuka, ukasema, "Huyu springi zake zimechoka, lakini mbao yake ina heshima." Ulichokikuta chini ya mito ya watu ulikirudisha, kiwe kifungo au jino la mtoto. Mama mmoja wa mtaa wa pili alikuwa akiona aibu kunyanyuliwa kitini na wakwe zake. Ulimpandishia kiti chake kimyakimya, ukakitia sponji ngumu, ukamwambia huo ndio mtindo wa sasa. Mpaka leo anajisifu kwamba hajaachwa nyuma na mitindo.

Jioni ulirudi unanukia gundi. Ulinawa bombani mpaka kwenye viwiko kabla ya kumgusa binti yako, naye hakungoja umalize. Alianza kukusimulia ukiwa bado na povu mikononi: nani kamsukuma, nani kalia darasani, kwa nini bata hana meno. Ndiyo maana ulimwita Chiriku. Na siku ukichelewa alikugombeza, mikono kiunoni, wewe ukainamisha kichwa kama mshitakiwa, na mama yako akisema, "Unamharibu huyo mtoto," wewe unacheka tu.

Kuchanganyikiwa kwetu kulianza siku ya mazishi. Walikuja wanaume tusiowajua. Mmoja alikuwa na sare ya ulinzi na mapacha wamening'inia kila mmoja kwenye mkono wake. Mwingine alikuwa na miwani na kalamu mfukoni, na mwingine amebeba mtoto mchanga mgongoni kwa shuka, peke yake, bila mwanamke wa kumsaidia. Walilia bila kujificha, na baba yako hakujua uso wake auweke wapi.

"Hawa ni wa chama gani?" alimnong'oneza mkeo.

"Ni kina baba wa Jumamosi. Walikuwa wanakuja karakana."

"Kufanya nini?"

"Alikuwa akisema wanamsaidia kazi."

Baba yako akawatazama mikono mmoja mmoja. "Yule wa miwani hajawahi kushika nyundo maishani mwake," alisema.

Siku hiyohiyo kaka yako alisimama mbele ya watu wote, akasema, "Mtoto huyu hatakosa baba nikiwa hai." Alimaanisha. Yeye ndiye baba mkubwa wa Chiriku, na neno baba limo tayari ndani ya jina hilo. Lakini unamjua kaka yako. Ujana wake wote aliumaliza kwenye usukani wa lori, na watoto wake walikua yeye akiwa njiani. Hawamchukii. Akiwatembelea wanamtolea vikombe vya wageni.

Basi aliacha safari ndefu, akatafuta kazi ya kuendesha gari hapahapa mjini, kwa sababu mkeo zamu zake za wodini zinaanza alfajiri na hakukuwa na wa kumpeleka mtoto shule. Kila asubuhi alifika amenyoosha shati, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuposa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Umelala vizuri?"

"Ndiyo."

Alimuuliza swali juu ya swali, ikawa ndiyo hiyo mpaka kwenye geti la shule, na ndiyo nyingine wakati wa kurudi. Alimletea mwanasesere. Chiriku alishukuru vizuri, akamweka juu ya kabati akiwa ndani ya mfuko wake. Alimsimulia habari za lori lililokwama matopeni, naye akasikiliza kama anavyosikiliza mtu aliye kwa daktari. Kwa bibi yake aliongea, kwa jirani aliongea, na paka wa watu aliongea naye. Kaka yako akitokea, mdomo unafungwa.

"Mama," alimwambia mama yako jikoni, "mtoto huyu ni chiriku kwa dunia nzima. Kwangu mimi ni jiwe."

"Mpe muda, baba."

"Nimempa. Muda wenyewe umechoka."

Mama yako amelea wana wawili, na huyu ndiye mkubwa. Alimmiminia chai, akamkatia mkate, akamtazama akila bila kujua anakula nini.

Baadaye kaka yako akatamka lile tulilokuwa tunaliogopa. Alisema afadhali atafutwe mama wa mtaani awe anampeleka mtoto, na yeye atasaidia kwa mbali. Mkeo alikuwa anakunja sare za shule. Aliendelea kukunja. Sote tulijua huko kwa mbali ndiko alikowalelea watoto wake mwenyewe, na tulijua akirudi huko harudi tena. Chiriku angempoteza baba wa pili kabla hajampata, na kaka yako angeumaliza uzee wake kwenye vikombe vya wageni.

Wiki ile mwenye chumba cha karakana alikuwa anakitaka chumba chake. Jumamosi asubuhi kaka yako na mama yako walikwenda kukusanya vitu vyako. Walikuta mlango uko wazi. Katikati ya chumba kochi kuukuu limepinduliwa miguu juu, na wale wanaume wa mazishini wamelizunguka, kila mmoja na koleo lake.

"Shikamoo, mama," alisema yule wa sare ya ulinzi, ambaye wenzake humwita Baba Mapacha. "Utusamehe. Ufunguo alitupa mwenyewe."

"Mnafanya nini?" aliuliza kaka yako.

"Tunang'oa misumari."

"Kochi la nani?"

Walitazamana. "Si la mtu," alisema yule wa miwani, ambaye kumbe ni mwalimu. "Tuliliokota."

Mama yako alifikiri hajasikia vizuri. Kaka yako akauliza sasa mtu na akili zake anaacha watoto nyumbani aje kung'oa misumari ya kochi lisilo na mwenyewe, kwa faida gani. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Fundi alituambia hivi: mwanamume ukimkalisha kwenye kiti kizuri ukamuuliza habari zake, atakujibu nzuri tu. Mpe kiti kibovu, ainamishe macho kwenye msumari, atasema. Na humu hatushauriani. Kila mtu anasema la kwake, basi."

"Na misumari ikiisha?"

"Tutaokota kochi lingine," alisema Baba Mapacha. "Wengine tuna vichwa vigumu kuliko mbao."

Walimpa koleo. Alilipokea kwa adabu tu, kama mtu anavyopokea maji ambayo hana kiu nayo, akapiga magoti. Mama yako alikaa pembeni juu ya bunda la sponji, akaanza kukunja vitambaa, na haikuchukua muda wakamsahau, kama watu wanavyosahau kwamba mama ana masikio.

Ndipo akasikia mambo. Mwalimu alisema darasa zima linampenda, lakini juzi alimfokea mwanawe kwa ajili ya hesabu mpaka mtoto akajificha nyuma ya pazia, na miguu inaonekana. Hakuna aliyecheka wala aliyemwambia angefanya hivi au vile. Msumari mmoja ulilia ukitoka. Baba Mapacha akasema yeye gizani hawezi kuwatofautisha wanawe, kwa hiyo wote anawaita "mwanangu" ili wasijue.

"Wanajua," alisema yule wa mtoto mgongoni.

"Najua kwamba wanajua."

Halafu sauti ya kaka yako ikatoka chini ya kochi, nzito, haina haraka. "Mimi kuna mtoto ananiogopa."

Baba Mapacha akaweka msumari wake kwenye kopo. "Fundi naye ilikuwa hivyo," alisema, "ila kwake yeye ndiye aliyemwogopa mtoto."

"Mtoto gani?"

"Huyuhuyu wake. Alipozaliwa, Fundi alikuwa akitoka kazini anauzunguka mtaa mzima kabla hajaingia ndani. Alituambia kila akimshika anaona atamwangusha. Mpaka siku moja akaamua kukaa naye sakafuni, ili hata akimponyoka asiende mbali. Hapo ndipo alipozoea."

Mama yako alikikunja kitambaa kilekile, akakikunjua, akakikunja tena. Nyumbani tulikuwa tukikucheka kwamba fundi wa makochi hakai kwenye kochi, kila saa yuko sakafuni na mtoto. Tulidhani ni mchezo. Mama yako alikuzaa, alikuwa akikuona kila siku ya Mungu, na hofu yako yote ukaenda kuwapa wanaume wenye makoleo. Mpaka leo hajui kama aumie au ashukuru. Kuna asubuhi anafanya yote mawili kabla chai haijachemka.

Tangu hapo kaka yako habari ya mama wa mtaani hakuitaja tena. Jumatatu alikuja kama kawaida, ila shati halikunyooshwa, na badala ya kusimama mlangoni aliketi chini kwenye ngazi, magoti yake yale makubwa yakamfika kidevuni.

"Chiriku," alisema, "mimi sijui kuwa baba yako. Sijui hata pa kuanzia."

Mtoto akamwangalia. "Kwani umeambiwa uwe baba yangu?"

"Nilisema mwenyewe."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Chiriku alifikiri kidogo. "Basi shika begi," alisema.

Tusikudanganye kwamba mambo yalinyooka hapo. Alibeba begi, wakaenda kimya, wakarudi kimya. Lakini kaka yako hakuwa tena anauliza yale maswali yake ya kituo cha polisi. Alitembea tu. Siku nyingine walikata njia mpya, akamwambia kwamba hii haijui, na kweli haijui, mtoto akatangulia. Na kila Jumamosi alikuwa na wenzako. Chumba kilirudishwa kwa mwenyewe, kochi likahamia barazani kwetu. Baba yako analalamika kwamba nyumba imegeuzwa karakana, kisha anavuta kigoda anakaa karibu nao. Anasema anachunga misumari isije ikamchoma mtoto. Wiki iliyopita mama yako alimwona ana koleo. Hakumuuliza.

Tunalotaka ulijue zaidi ya yote ni lile la mwezi jana. Gari la kazi la kaka yako liliharibika, akachelewa kwenda shule. Njiani alimkuta mama yako aliyekuwa anatoka kliniki, wakaenda kwa miguu, kaka yako mbele, karibu anakimbia. Getini alikuwa amebaki Chiriku peke yake na mlinzi wa shule. Alikuwa ameweka mikono kiunoni.

"Umechelewa," alisema. Hakuna shikamoo, hakuna baba mkubwa. "Wenzangu wote wamekwenda. Mwalimu wangu ameniuliza nani anakuchukua, nikamwambia anakuja, akaniuliza tena, nikamwambia anakuja, sasa nimeonekana mwongo. Na hilo shati ni la jana. Na ukichelewa unatakiwa useme umechelewa kwa nini, husimami tu hivyo."

Mama yako alifungua mdomo amkanye, maana mtoto hasemi hivyo na mkubwa wake, tena mbele ya mlinzi. Kaka yako alipeleka mkono nyuma ya mgongo, akamfanyia ishara ya kumnyamazisha. Akainamisha kichwa. Akaeleza habari ya gari. Chiriku akasema gari si sababu, miguu anayo. Akaendelea njia nzima, juu ya gari, juu ya mwongo, juu ya msichana mwenzake anayekula kifutio, hakunyamaza mpaka nyumbani, na alipofika alikuwa ameshika kidole cha kaka yako kama mtu anayeshikilia mzigo asioweza kumwachia mtu mwingine.

Kaka yako aliketi kwenye ngazi. "Umemsikia, Mama?"

"Nimemsikia. Amekukosea heshima."

"Amenigombeza."

"Ndilo ninalolisema."

"Mama," alisema, "amenigombeza kama alivyokuwa akimgombeza baba yake."

Akajifuta uso kwa lile shati la jana. Ndani, Chiriku alikuwa anauliza kwa sauti kubwa kwa nini hakuna anayemjibu. Mama yako bado hajui kama siku ile ilimpasa kumfunza mtoto adabu. Aliingia jikoni akatenga maji ya chai, akasahau kuwasha jiko.

Wanaokukumbuka ni baba yako, asiyekubali kwamba Jumamosi anaingoja, mama yako, mkeo, ambaye akitoka zamu hupitisha mkono juu ya kila kiti ulichokitengeneza humu ndani, kaka yako, Chiriku wako, anayeongea hata sasa hivi, na wale kina baba, ambao majina yao hatuyajui na tumeacha kuyauliza.

Kukuelewa bado hatujamaliza, mwanetu. Kukukumbuka hatutamaliza kamwe.