Shimo la Shija

Jumatatu, 3 Juni

Iingie kwenye kumbukumbu za taifa: leo saa nne asubuhi, ofisini Nyamagana, nimekabidhiwa fulana ya mradi. Ya kijani. Inanifika magotini. Mgongoni imeandikwa MHAMASISHAJI, cheo kikubwa kwa mtu wa darasa la saba ambaye mengine yote ameyaokota kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Kazi yangu kuwaandaa wanakijiji wa kule ufukweni mwa ziwa. Wachimba dhahabu wamehama, mashimo wameyaacha. Sisi tunafukia, tunapanda miti. Kuponya ardhi, anasema bosi.

Jumatano, 5 Juni

Nimefika kwa Mama Shija. Mwanawe Shija yumo kwenye shimo mojawapo. Lilimfunika akichimba, hakutolewa. Hana kaburi. Mama hakatai tufukie. Anataka jambo moja tu: atupe udongo yeye kwanza, katekista akisali. Nimemwahidi. Kesho katapila haliwashwi mpaka aje. Akanifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nipeleke nyumbani Igogo. Nimeimaliza njiani.

Alhamisi, 6 Juni

Wageni wa mradi wamewahi kufika. Suti, kamera. Bosi akaniuliza mbele yao, "Wenyeji wameridhia?"

Sijawahi kuulizwa kitu mbele ya kamera. Nikasema, "Wameridhia kabisa, mkuu."

Katapila likanguruma. Likafukia yote, likasawazisha. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Mama Shija akaja na katekista kwa bodaboda. Akautazama uwanja. "Baba, si ungewaambia wangoje nivae viatu?"

Nikaenda kugawa soda. Ndicho nilichofanya. Soda.

Ijumaa, 7 Juni

Sikwenda kazini. Nimewaambia tumbo. Tumbo ni zima kabisa.

Jumamosi, 8 Juni

Nimerudi kwake. Nikiwa bado naitafuta shikamoo, akaniitikia marahaba.

"Unalia nini, limtu lizima? Twende ukanionyeshe." Tukampitia katekista.

Shimo la mwanawe alikuwa akilijua kwa rundo la mawe lililokuwa pembeni. Katapila limelizoa. Uwanja sasa ni kama meza, kote sawasawa, na njia ya ng'ombe imepita katikati.

"Wewe ulikuwepo wakifukia," akasema.

Nilikuwepo. Nilikuwa naitazama kamera.

Ningesema sijui. Mdomo huu unaojua kila kitu ulishindwa neno moja. Nikanyoosha kidole karibu na kichaka, kwa uso wa mtu mwenye hakika. Akavua viatu. Akatupa udongo, katekista akasali. Wakasimika msalaba wa mti. Alikaa pale muda mrefu, akimsimulia Shija habari za nyumbani: dada yake kajifungua, ndama kafa.

Kisha akanishika mkono kwa mikono miwili. "Asante, baba. Leo nitalala."

Aibu ninayo mpaka kwenye kucha.

Jumanne, 11 Juni

Ziwa limetulia. Nimekunywa chai na dereva wa katapila. Nimemuuliza lile shimo la rundo la mawe lilikuwa wapi.

Shimo lilikuwa upande wa pili wa njia.