Siku Linh Alipokataa Kukiri

Al Sadd, Doha

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Presha imeshuka? Na goti la mama? Mimi mzima wa mwili, ila wiki hii moyo haukutulia. Sikupiga simu kwa kuwa ungenisikia tu sauti ukajua.

Linh, yule Mvietnamu ninayekaa naye chumba kimoja, ameshukiwa wizi. Mgeni wa hoteli alipotelewa na bangili ya dhahabu, na chumba cha mgeni huyo alikisafisha Linh. Polisi wakamhoji, wakamwambia arudi kesho yake.

Akaketi kitandani, akasema kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga, "Salma, kesho nakiri."

"Kwani umechukua?"

"Sijachukua. Lakini kwetu ukifikishwa kituoni, mambo yameshaamuliwa. Polisi, mwendesha mashtaka, hakimu, wote wako chini ya chama tawala. Wakili anakuombea huruma tu. Anayekiri mapema hupunguziwa."

Akinyi, Mkenya mwenzetu wa chumbani, akawaka. "Wacha hiyo maneno! Kwetu sheria tuliachiwa na Mwingereza. Wao ndio wathibitishe umeiba. Wewe nyamaza, uitishe loya!"

"Hapa si Kenya," Linh akamjibu.

"Wala si Vietnam!"

Wakanitazama mimi. Baba, nikakukumbuka ulipokuwa karani wa mahakama, enzi zile Unguja mawakili walipopigwa marufuku na mtu akisimama peke yake mbele ya mahakimu. Ulisema waliokukosesha usingizi ni wale waliokiri wasilolitenda. Nikamwambia Linh hivyo hivyo. Wallahi sikujua namwokoa au namzamisha.

Asubuhi nikaomba ruhusa, nikamsindikiza polisi. Nikangoja nje mpaka ikaadhiniwa adhuhuri. Kila mlango ukifunguka, anatoka mtu mwingine.

Mwisho akatoka, hana askari nyuma yake. Aliomba mkalimani, akasema hajaiba, akakataa kutia sahihi. Ushahidi hawakuwa nao, wakamwachia. Bangili haijaonekana hadi leo, na msimamizi wa hoteli amemhamishia sehemu ya kufulia nguo na hamsemeshi.

Tukapanda teksi. Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, "Kaka yangu alikiri."

"Alikuwa amefanya?"

"Hapana. Bado yumo ndani."

Nisalimie mama, bibi wa Makunduchi, na shemeji Khamis anayekupeleka kliniki. Ukinyanyua mikono kuniombea, mtaje na huyo kaka yake Linh, ingawa jina lake sikuthubutu kuliuliza.

Binti yako,
Salma